Presha ya Macho Haingoji Korona Iishe

Maandishi ya mazungumzo kwa wahudumu wa afya wa kujitolea, Machi 2021



Tarehe 13 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Katika mwaka uliofuata mlibisha hodi kwenye milango mingi, mkafundisha watu kunawa mikono kwa sabuni, kuvaa barakoa na kukaa umbali wa mita moja na nusu. Kazi hiyo imeokoa maisha. Leo inaongezwa kazi nyingine ndogo juu yake, nayo ni kuuliza swali moja kila mnapokaribishwa nyumbani kwa watu: “Je, kuna mtu hapa aliyeandikiwa dawa ya macho ya kila siku, na bado anaitia?”

Swali hilo lina sababu. Yako mambo ya macho yanayoweza kungoja. Miwani mipya yaweza kungoja. Mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni, kwa kawaida anaweza kungoja miezi kadhaa, kwa kuwa siku ya upasuaji ikifika wagonjwa wengi huona tena. Glakoma haiko hivyo. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi kwa dawa, wala kwa miwani, wala kwa upasuaji. Matibabu yote yaliyopo ni ya kulinda kile kilichobaki. Kwa hiyo mtu aliyeacha matone yake kwa ajili ya korona huenda anapoteza macho kidogo kidogo, na hajui.

UGONJWA USIOUMA

Watu wengi huita glakoma “presha ya macho”. Jina hilo linasaidia, lakini pia linachanganya. Ndani ya jicho mna majimaji yanayotengenezwa mchana na usiku, kisha yakatoka kupitia njia ndogo sana. Njia hiyo ikiziba, kama mtaro uliojaa taka, maji hurundikana na shinikizo hupanda. Shinikizo hilo huumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na nyuzi za mshipa huo hufa moja baada ya nyingine. Kwa watu wengi shinikizo la kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Hata hivyo wapo wanaoumia mshipa huku kipimo chao kiko sawa. Ndiyo maana daktari hatosheki na kupima shinikizo peke yake. Hutazama pia nyuma ya jicho, na hupima ni umbali gani mtu anaona pembeni.

Presha hii si ile ya damu. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na tembe za presha ya damu hazichukui nafasi ya matone ya macho. Mkiambiwa kwamba mzee anatumia dawa ya presha, ulizeni ni ya damu au ni ya macho.

Glakoma iliyo ya kawaida haiumi, haiwashi wala haifanyi jicho kuwa jekundu. Huanza kula uwezo wa kuona wa pembeni, na katikati hubaki pazuri kwa miaka. Fundi wa cherehani anaweza kutia uzi kwenye sindano bila shida, na bado asiione tuktuk inayomjia kwa ubavuni. Kwa sababu hiyo kusoma herufi za chati ukutani, au za programu ya simu, hakutoshi kuthibitisha kwamba mtu hana glakoma. Katika ripoti yake kuhusu macho ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 76 duniani wana ugonjwa huu. Wengi wao, hasa katika nchi za Afrika, hawajijui.

Walio katika hatari zaidi wanajulikana: waliopita miaka 40, wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na glakoma, walioumia jicho zamani, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Watu wenye asili ya Kiafrika huipata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine wengi.

KORONA ILIVYOVURUGA MATIBABU

Kliniki za macho zilikuwa miongoni mwa kliniki za kwanza kupunguza kazi mwaka 2020, na sababu yake ni ya wazi. Ili kuona ndani ya jicho, mgonjwa huweka kidevu kwenye mashine na daktari hukaa upande wa pili, nyuso zao zikitenganishwa na kiasi cha shibiri moja au mbili. Hakuna mita moja na nusu hapo.

Daktari Li Wenliang wa Wuhan, China, aliyewatahadharisha wenzake kuhusu ugonjwa mpya tarehe 30 Desemba 2019, alikuwa daktari wa macho. Kwa mujibu wa maelezo yake, aliambukizwa na mgonjwa wa glakoma aliyemtibu akiwa hana dalili zozote za korona. Alifariki tarehe 7 Februari 2020. Baada ya hapo wataalamu wa macho kote duniani walichukua tahadhari. Tarehe 18 Machi 2020 chama cha madaktari wa macho cha Marekani kiliwataka wanachama wake wasimamishe kazi zote isipokuwa za dharura. Katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya, kliniki za kawaida zilipunguzwa na tarehe za wagonjwa zikasogezwa mbele.

Kisha safari zikafungwa. Kuanzia tarehe 8 Aprili 2020, kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale kulipigwa marufuku, na hali hiyo ikaendelea hadi tarehe 7 Julai. Hizo ni siku 90.

Mfikirieni fundi mmoja wa cherehani, mkazi wa Mtwapa, ambaye kliniki yake ya macho iko Mombasa. Kabla ya korona alikuwa akipanda matatu, anavuka daraja, anapimwa, ananunua chupa yake ya matone na kurudi kabla ya adhuhuri. Aprili ikafika na daraja likawa na kizuizi. Chupa ikaisha mwanzoni mwa Mei. Kazi ikapungua, kwa kuwa harusi zilisimama na shule zilifungwa, na hakuna aliyeleta nguo wala sare za kushona. Pesa zilizopatikana zikaenda kwa unga na kodi ya nyumba. Fundi akajisemea kwamba jicho haliumi, na kuona bado anaona, basi litangoja. Julai barabara ikafunguliwa, lakini kufikia hapo alikuwa amezoea kukaa bila dawa. Watoto wake nao wakamsihi asiende hospitali, wakihofia asije akaambukizwa. Kabla kliniki hazijarudi sawasawa, mgomo wa wauguzi na maafisa wa kliniki ulioanza Desemba 2020 ukaongeza pengo katika sehemu nyingi za nchi.

Mgonjwa wa namna hiyo hakufanya ujinga wowote. Kila hatua aliyochukua ilikuwa na sababu yake. Lakini mshipa wa jicho haujui sababu. Watu wa aina yake wako katika vijiji mnavyohudumia, na hawatakuja kliniki wenyewe kwa sababu hakuna maumivu ya kuwaleta. Ni lazima mtu awaendee.

DAWA ISIKATIKE

Jambo la kwanza la kumwambia mgonjwa ni kwamba kukosa kliniki si ruhusa ya kuacha dawa. Tarehe ya kupimwa ikisogezwa, matone yanaendelea kama yalivyoandikwa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Mgonjwa anapokwenda kliniki, aombe aandikiwe dawa ya miezi miwili au mitatu ikiwezekana, ili kufungwa kwa barabara au kuugua kwa mtu nyumbani kusimkatie matibabu. Aandike jina la dawa kwenye karatasi, au kijana wa nyumbani apige picha ya chupa kwa simu, maana maandishi ya chupa hufutika. Aulize pia jina la dawa yenyewe, si la kampuni tu, kwa kuwa mara nyingi dawa ileile hupatikana kwa bei nafuu kwa jina jingine. Chupa isingojwe iishe ndipo itafutwe nyingine. Inapobaki ya wiki moja, safari ya kutafuta ianze.

Chupa ikiisha na kliniki yake iko mbali, mgonjwa aende na chupa tupu kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, aonane na mhudumu. Asiazime matone ya jirani. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana, timololi, inaweza kumbana pumzi mtu mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Dawa inayomlinda jirani inaweza kumpeleka mwingine hospitali usiku.

Wengi hutia matone vibaya na chupa huisha kabla ya wakati. Utaratibu ni huu. Nawa mikono kwa sabuni. Inamisha kichwa nyuma, vuta chini ukope wa chini upate kama kimfuko, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Funga jicho taratibu na ubonyeze kwa kidole kona ya ndani, kando ya pua, kwa dakika mbili. Kubonyeza huko huzuia dawa kushuka puani na kuingia mwilini. Tone moja linatosha. Jicho halina nafasi ya la pili. Kama kuna dawa mbili, acha dakika tano kati yake. Asiyeona vizuri, au mwenye mikono inayotetemeka, atiwe na mtu wa nyumbani, na mtu huyo awe anajulikana. Ikisemwa “yeyote aliye karibu atamtia”, hatimaye hakuna anayemtia.

Joto nalo huharibu dawa. Latanoprosti, ambayo hutiwa mara moja usiku, huhifadhiwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa. Baada ya kufunguliwa inafaa ikae mahali pa baridi, pasipofika jua. Kuiacha dirishani au juu ya kabati chini ya mabati ni kuiharibu. Chupa nyingi zikishafunguliwa hutumika kwa wiki nne hadi sita tu, kulingana na maelezo ya karatasi yake. Tarehe ya kufungua iandikwe kwenye chupa.

KWENDA KLINIKI BILA HOFU

Kupimwa ni lazima kuendelee, kwa kuwa mgonjwa hawezi kujua mwenyewe kama dawa inafanya kazi. Apige simu kwanza kama kituo kina nambari, ajue siku na saa, asiende kukaa kwenye foleni ya asubuhi nzima. Aende na mtu mmoja tu wa kumsindikiza. Avae barakoa muda wote, pamoja na anapokaa kwenye mashine, na asizungumze wakati wa kupimwa. Maswali yaulizwe kabla au baada. Wakati wa korona kliniki nyingi ziliweka ngao ya plastiki kwenye mashine kati ya daktari na mgonjwa. Barakoa ikae vizuri juu ya pua, kwani pumzi inayopanda huweka ukungu kwenye lenzi na inaweza kuharibu majibu ya kipimo cha kuona pembeni.

Mwenye homa, kikohozi au aliyepoteza uwezo wa kunusa asiende kliniki ya macho siku hiyo. Apige simu ya bure 719 aelekezwe, na aendelee na matone yake nyumbani.

HALI ISIYONGOJA HATA ASUBUHI

Ipo glakoma ya aina nyingine inayokuja kwa ghafla. Jicho huuma sana, huwa jekundu, uoni hufifia, na taa huonekana imezungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua. Kichwa hugonga na mgonjwa hutapika. Kutapika na kichwa kuuma huwafanya wengi wadhani ni malaria, wakameza dawa na kulala. Jicho hilo linaweza kupofuka kwa muda mfupi sana. Anayetapika huku jicho moja likiwa jekundu na kuuma anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Hata kafyu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, iliyokuwepo Machi 2021, haikuwa sababu ya kungoja. Chifu au mzee wa mtaa aarifiwe, usafiri utafutwe, na kwenye kizuizi polisi waelezwe wazi kwamba kuna mgonjwa wa dharura. Wazee wa mitaa mlio hapa, jambo hili ni lenu.

VITU VYA KORONA VINAVYODHURU MACHO

Kujikinga na korona kuendelee, lakini kwa uangalifu. Sanitaiza ina pombe kali. Chupa zilizowekwa milangoni mwa maduka wakati wa korona mara nyingi zilikuwa sawasawa na kimo cha uso wa mtoto, na tone likiruka hufika jichoni. Ikitokea, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtoto apelekwe kituoni. Asioshwe kwa maziwa wala kwa kitu kingine. Anayetia matone anawe kwa sabuni na maji badala ya sanitaiza, maana kidole chenye pombe kitachoma jicho.

Kujifukiza kwa majani na mvuke wa sufuria hakupunguzi presha ya macho, na maji ya moto yamewaunguza watu uso. Tangawizi na ndimu ni za kunywa. Asali, maji ya dafu na dawa za majani zisitiwe jichoni.

Juu ya hayo kuna steroidi. Tangu Juni 2020 deksamethasoni inajulikana kuwa inawasaidia wagonjwa mahututi wa korona wanaohitaji oksijeni, na habari hizo zimewafanya watu kuitafuta kwenye maduka ya dawa bila kuandikiwa. Dawa za jamii hiyo, hasa matone ya macho yenye steroidi yanayonunuliwa kwa ajili ya macho kuwasha, zinaweza kupandisha presha ya macho zikitumiwa kwa muda. Aliyelazwa kwa korona amwambie daktari kwamba ana glakoma. Hiyo haimaanishi atanyimwa dawa ya kuokoa maisha. Inamaanisha macho yake yatafuatiliwa. Na matone yake yaende naye wodini, kwani mara nyingi husahaulika nyumbani.

Kuhusu chanjo, shehena ya kwanza ya dozi zaidi ya milioni moja ilifika nchini tarehe 3 Machi 2021. Wahudumu wa afya walikuwa katika kundi la kwanza, na wazee wakafuata. Wagonjwa huuliza. Jibu ni kwamba glakoma peke yake si sababu ya kukataa chanjo, na matone hayasimamishwi kwa ajili yake.

JAMAA WA MGONJWA

Mkimpata mgonjwa mmoja, msitoke bila kuuliza kuhusu jamaa zake. Ndugu wa tumbo moja na watoto wake waliofika miaka 40 wapimwe hata kama wanaona vizuri, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu. Mnapotembelea mama aliyejifungua, tazameni macho ya mtoto. Mtoto mwenye macho makubwa husifiwa kuwa ni mrembo, na mara nyingi ni mzima. Lakini macho makubwa yanayotoka machozi, yanayokimbia mwanga au yenye ukungu wa buluu huenda ni glakoma ya kuzaliwa nayo. Huyo apelekwe bila kungoja.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila mmoja wenu ana nyumba takriban 100. Katika daftari lenu chorea ukurasa mmoja wenye sehemu nne: jina la mwenye glakoma, jina la dawa yake, tarehe aliyopimwa mwisho, na mtu anayemtia matone. Aliyekaa zaidi ya miezi sita bila kupimwa, au aliyeacha dawa, apewe barua ya rufaa aende kwa afisa wa kliniki wa macho katika hospitali iliyo karibu. Majina hayo ni siri ya mgonjwa, hayasomwi barazani.

Msimlaumu aliyeacha dawa. Anayelaumiwa hujificha. Mwambieni kwamba dawa ya leo italinda anachokiona leo: uso wa mjukuu, njia ya msikitini au kanisani, noti anayopewa dukani. Mwezi ujao mrudi mkaulize tena.

Baada ya vizuizi vya korona kuondolewa, harusi zilirudi kufanywa kwa shangwe. Kila mgonjwa atakayerudishiwa matone yake mwezi huu ana nafasi kubwa zaidi ya kuyaona hayo kwa macho yake.